Mwenye Njaa Hana Miiko

 

Leo nimekuja na jambo ambalo watu wengi hapa Kisauni, Mombasa, wanalo na wachache wanalitaja. Ni ile hali ya mtu aliyeazimia kupunguza mwili, akajizuia mchana kutwa, kisha usiku akala chakula cha watu watatu, haraka haraka, peke yake jikoni, mpaka tumbo likamuuma. Anaamka asubuhi na aibu yake, anaapa kwamba leo hatii kitu mdomoni, na usiku ukiingia mambo ni yale yale. Wengine wameishi hivi miaka mingi, na hata mume au mke anayelala chumba kimoja nao hajui.

Niseme mapema ninakoelekea, ili twende pamoja. Mtu huyu hana upungufu wa imani, wala nia yake si dhaifu. Kinachomwangusha usiku ni njaa aliyoianza mwenyewe tangu asubuhi, na kinachomrudisha kwenye njaa hiyo kesho yake ni aibu. Wazee walikwisha kusema, mwenye njaa hana miiko. Leo nataka kukuonyesha kwamba maneno hayo ya wazee yana ushahidi hata katika maabara za wasomi, na kwamba anayetaka kupunguza mwili aanze kwa kula.

Tuitazame siku yenyewe. Mchukulie mama anayekaa Mtopanga na kufanya kazi kisiwani. Kliniki wamempima presha wakaikuta juu, wakamwambia apunguze uzito. Wiki hiyo hiyo ana mwaliko wa arusi, na dera alilolishona mwaka jana halimwingii. Basi ameamua. Asubuhi anayapita mahamri na mbaazi pale kibarazani, anakunywa chai ya rangi kavu, anapanda matatu. Wanasota kwenye foleni ya daraja la Nyali. Saa saba wenzake kazini wanaagiza wali na maharagwe ya nazi, yeye anasema ameshiba. Saa kumi kichwa kinamgonga, mikono inatetemeka kidogo, na kila anayemsemesha anamuudhi.

Magharibi anashuka steji. Wewe uliyewahi kushuka matatu Kisauni saa hiyo unajua kinachomngoja. Viazi karai vinatoka kwenye mafuta, bajia zinafuata, mishkaki inapepewa, mama karanga anageuza samaki wake, na chapati zinapangwa moja juu ya nyingine. Anapita na moyo wake mgumu. Anafika nyumbani, anawapikia watoto, anawapakulia, anajizuia tena. Watoto wanalala. Saa nne usiku anafungua sufuria aonje kijiko kimoja cha wali uliobaki. Kijiko kinakuwa sahani. Kisha chapati, kisha mkate na siagi, kisha kaimati zilizowekwa kwa ajili ya mgeni, kisha sukari tupu kwa kijiko. Utamu wenyewe hausikii tena. Anakula amesimama, sikio likiwa mlangoni asije mtu akamkuta.

Wala usidhani hili ni la akina mama pekee. Yuko dereva wa tuktuk wa Kiembeni aliyeambiwa kitambi kitamuua, naye anashinda kwa soda moja ili ajisikie mwepesi. Yuko mlinzi wa zamu ya usiku kwenye mahoteli ya Bamburi anayelala saa chache mchana, na usingizi ukipungua hamu ya kula huongezeka, hasa hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Yuko pia kijana anayetafuna majani ya muguka. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, nchi nzima ilibishana kuhusu biashara, ushuru na mahakama. Tumbo la mtafunaji halikuzungumzwa sana. Majani yale huua hamu ya kula mchana kutwa, na handasi, yaani ule mchangamko wake, ikimwisha usiku wa manane, njaa ya siku nzima humjia kwa mkupuo.

Sasa tuulize, kwa nini mwili unafanya hivi? Kuna kisa cha kweli ambacho kila anayejinyima chakula anapaswa kukijua.

Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia mwisho, mwanasayansi wa Marekani aitwaye Ancel Keys aliwakusanya wanaume 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa vijana wenye afya njema ya mwili na ya akili. Imani zao ziliwakataza kushika bunduki, kwa hiyo wakajitolea kusaidia kwa njia nyingine. Keys alitaka kujua namna bora ya kuwalisha tena watu wa Ulaya waliodhoofishwa na njaa ya vita, na ili alijue hilo ilibidi kwanza awatie njaa watu wazima wenye afya. Kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, vijana wale walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, kama nusu ya walichozoea. Ishike hesabu hiyo, msikilizaji. Daieti nyingi zinazosambazwa leo kwenye simu zetu humtaka mtu akae kwa kalori 1,200 au chini ya hapo. Njaa ya Minnesota ilikuwa na chakula kingi kuliko daieti hizo.

Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini kilichowashtua watafiti zaidi ni akili zao. Vijana wale walianza kuota chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma habari za wapenzi wao. Walilamba sahani. Wakawa wakali, wapweke, wenye huzuni. Baadhi yao walivunja masharti kwa siri, wakala, kisha wakajichukia kwa kula kwao. Na njaa ilipoondolewa, waliporuhusiwa kula watakavyo, wako waliokula maelfu na maelfu ya kalori kwa siku, wako waliokula mpaka wakatapika, na bado walisema wana njaa. Hawa hawakuwa walafi walipoingia pale. Walichaguliwa kwa uimara wao.

Mzamiaji akikaa chini ya maji mpaka pumzi ikakaribia kumwisha, akiibuka huvuta hewa kwa pupa, kifua kikipanda na kushuka, wala hawezi kuchagua kupumua kwa adabu. Hakuna anayesimama ufuoni kumwita mlafi wa hewa. Mwili ulionyimwa chakula mchana kutwa hudai haki yake namna hiyo hiyo, na hudai zaidi ya ulichonyimwa, kwa sababu haujui kesho utapewa nini.

Hiyo ni njaa ya tumbo. Iko pia njaa ya pili, ya akilini, inayoletwa na miiko. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Waliwanywesha baadhi ya wanafunzi wa kike maziwa mazito matamu, kisha wakawawekea aiskrimu waionje kadiri wapendavyo. Wale ambao hawakuwa na mazoea ya kujinyima walifanya kama unavyotarajia: aliyekunywa maziwa alikula aiskrimu kidogo, kwani alikuwa ameshiba. Wale waliozoea kujinyima walifanya kinyume. Waliokunywa maziwa ndio waliokula aiskrimu zaidi. Mwiko ulishavunjika, na nafsi ikawaambia yale maneno tunayoyajua sote: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Sikiliza hapo vizuri, kwa sababu ndipo penye siri ya wengi. Mama wa Mtopanga hakuharibikiwa na kile kijiko cha kwanza cha wali. Kijiko kimoja cha wali hakimnenepeshi mtu. Kilichomharibia ni ile hukumu aliyojitolea baada ya kijiko: nimeshashindwa leo, basi acha nile, kesho nitaanza upya. Na kwa kuwa kesho itakuwa siku ya njaa kali kuliko leo, mwili wake unaona ni afadhali uweke akiba usiku huu huu. Kadiri miiko inavyozidi, ndivyo njia za kuivunja zinavyoongezeka. Aliyejiharamishia wali, chapati, ugali, sukari, nazi na mafuta kwa pamoja hawezi kutembea hatua mia moja hapa Kisauni bila kuwa katika dhambi aliyojitungia mwenyewe.

Sasa kuna swali ambalo nina hakika msikilizaji mmoja analo moyoni: je, mimi ni mgonjwa?

Kula kupita kiasi siku ya Idi, siku ya Krismasi au mbele ya sinia la biriani la arusi si ugonjwa. Sote tumekula hivyo. Lakini hali ninayoizungumzia leo, ikizidi, inatambuliwa na madaktari. Mwaka 1959 Albert Stunkard, daktari wa akili wa Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wake wenye miili mikubwa waliokuwa wakila chakula kingi mno kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo madaktari wa akili wa Marekani wakaiandika hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea, mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Dalili zake ni hizi. Mtu anakula kwa muda mfupi chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika hali hiyo, na anahisi kwamba hawezi kuacha hata akitaka. Anakula kwa kasi. Anakula mpaka aumie. Anakula hata kama hana njaa. Anajificha kwa sababu anaona haya. Akimaliza anajichukia, au anaingiwa na huzuni na majuto. Kwa kipimo cha madaktari wa Marekani, ikitokea angalau mara moja kila wiki kwa miezi mitatu, hapo tunazungumzia ugonjwa.

Na usiseme haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2022 watafiti wa hapa Kenya, wakiwemo Victoria Mutiso na Profesa David Ndetei, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 9,000 wa sekondari, vyuo na vyuo vikuu. Takriban watatu kati ya kila mia walikuwa na ugonjwa huu. Piga hesabu ya shule moja yenye wanafunzi 1,000, utapata watoto 30 ambao huenda hakuna mwalimu wala mzazi anayejua kinachowasibu.

Wenye shida hii hawasemi, na sababu ni maneno yetu. Hapa nitazungumza waziwazi. Sisi watu wa Pwani tuna ukarimu mkubwa wa chakula na ubahili mkubwa wa maneno mema kuhusu miili ya watu. Mgeni hajaketi vizuri ameshaambiwa amefura. Msichana anaulizwa mbele ya wageni nani atamwoa na mwili ule. Mama aliyejifungua juzi, ambaye bado ananyonyesha na anahitaji kula, anaambiwa aharakishe tumbo lirudi. Kisha huyo huyo tuliyemwambia amenenepa tunampakulia sahani ya pilau mpaka inamwagika, na akikataa tunasema anajidai. Afanye nini? Anakula kidogo mbele yetu, na nyingine anaila gizani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini na sisi tujiulize nani aliyemfundisha kuyaficha.

Baada ya kusema hayo, tuje kwenye la kufanya. Nitayasema kwa mpangilio, na ukiwa na kalamu karibu, andika.

La kwanza, kula asubuhi, na usikae mchana bila chakula. Profesa Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyeshughulika na tiba ya shida hii kwa miaka mingi, anaanzia hapo hapo: milo mitatu kwa siku, na vitafunio viwili au vitatu katikati, pasipite zaidi ya saa nne hivi bila kula. Kwa mtu anayetaka kupunguza mwili, ushauri huu unatisha. Anaona kama ameambiwa anenepe. Lakini mlo wa mchana ndio unaoulinda usiku.

Kwa chakula chetu hapa, hilo haligharimu miujiza. Hamri moja au mawili na bakuli la mbaazi asubuhi ni kiamsha kinywa cha maana, kwa kuwa mbaazi ina protini na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu. Punguza sukari kwenye chai kijiko kwa kijiko, usikate yote kwa siku moja. Saa nne kula ndizi au kipande cha papai. Mchana kula wali au sima ya kiasi, samaki au maharagwe, na mchicha mwingi. Alasiri, kabla hujapanda gari la kurudi nyumbani, kula kitu: njugu kidogo, yai la kuchemsha, mhogo wa kuchemsha. Ukishuka steji umeshakula, harufu ya viazi karai itakuwa harufu tu. Usiku kula na watoto, mezani au jamvini, na sahani yako mwenyewe.

Najua yupo anayenisikiliza ambaye hali mchana kwa sababu hana. Huyu hajinyimi, amenyimwa na mfuko. Lakini mwili wake pia haujui tofauti: usiku pesa ikipatikana, naye hula yote kwa pamoja. Kwake ushauri ni ule ule kwa kipimo chake. Zile shilingi za mlo mmoja mkubwa wa usiku, zigawe. Uji asubuhi, mhogo au githeri kidogo mchana, kilichobaki usiku. Chakula kile kile kikigawanywa kinamtuliza mtu kuliko kikija mara moja.

La pili, usijiharamishie chakula. Chapati si adui. Panga siku zako za chapati, ule moja au mbili pamoja na wenzako, kwa utulivu, ukiisikia ladha yake. Kinachopunguza mwili ni kiasi na mazoea ya miezi. Chakula ulichokiruhusu hakikuvamii usiku kama kile ulichokipiga marufuku.

La tatu, weka daftari dogo. Andika saa uliyokula, ulichokula, ulipokuwa, na ulivyokuwa unajisikia. Usiandike kalori. Baada ya wiki mbili utaona mambo ambayo hukuyajua: kwamba siku za kufakamia ni zile ambazo hukula mchana, au siku uliyogombana na mtu, au siku ya mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inapodaiwa. Ukishaijua saa yako ya hatari, unaweza kuipangia. Saa hiyo usibaki jikoni. Oga, mpigie simu dada yako, kaa barazani, toka na mwenzako mtembee kidogo pakiwa salama. Ile tamaa ikikubana huja kwa nguvu, kisha hupungua yenyewe hata bila kulishwa.

La nne, ukianguka, usilipize. Hili ndilo gumu na ndilo la maana kuliko yote. Umefakamia jana usiku. Leo asubuhi kula kama kawaida. Usifunge kwa adhabu, usijitapishe, usinywe sanamaki ili utoe kila kitu. Kujitapisha na kuendesha tumbo hupunguza maji na potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kwenda mrama. Mafuta ya mwili hayatoki kwa njia hiyo. Chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyopitishwa mkono kwa mkono ni hatari nyingine. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili katika nchi mbalimbali. Muuzaji anayekwambia ni majani matupu huenda naye hajui alichokiuza.

Na Ramadhani je? Swali hili lina haki yake katika mji kama huu. Saumu ni ibada, na anayeifanya daieti ameichukua mahali pake na kuiweka pengine. Lakini angalia hekima iliyomo katika desturi zetu za kufuturu. Mtu hufungua kwa tende na maji, husimama kusali magharibi, kisha ndipo huketi kula na watu wake. Pale katikati mwili hupata nafasi ya kutulia kabla ya sinia kufika. Na daku tumeusiwa tusiiache. Anayeruka daku ili akonde, kisha akafuturu mpaka ashindwe kuinuka, ameyaacha yote mawili. Anayejua kwamba ana ugonjwa huu wa kufakamia azungumze na daktari na pia na shehe anayemwamini kabla mwezi haujaandama. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge naye asibadilishe saa zake za kula, Ramadhani au mwezi mwingine wowote, kabla ya kusikia neno la daktari.

Utaniuliza, nikila hivi, uzito utashuka lini? Nitakujibu kwa ukweli. Tiba ya kufakamia hutuliza kufakamia kwanza. Uzito hufuata polepole, na kwa wengine haushuki sana. Hata hivyo ni faida kubwa, kwa sababu mtu aliyeacha kufakamia ameacha pia kuongezeka. Na kinachohitajika kwa afya ni kidogo kuliko tunavyodhani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakielekea kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kila wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushei. Hahitaji kurudi kwenye mwili wa siku ya arusi yake. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano za wiki: ni kutembea Bamburi mpaka ufuoni asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, au kushuka matatu steji mbili kabla ya yako.

Jambo hili si dogo kwa nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Kliniki zetu zinawaambia akina mama wapunguze mwili, na zinafanya vyema. Ombi langu kwa wahudumu wa afya ni moja: mkimwambia mtu apunguze uzito, muulizeni pia anakulaje usiku, na mmuulize kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Neno "punguza" likitolewa bila maelezo, mgonjwa hulisikia kuwa "usile", na mkasa wote huanzia hapo.

Kwako wewe unayehitaji msaada, usingoje mpaka uwe na hakika. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, umuulizie afisa wa lishe. Wahamasishaji wa afya wa jamii wanaopita nyumbani pia wanaweza kukuelekeza. Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina kitengo cha afya ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani ina wataalamu. Ukifika, sema kwa maneno ya kawaida: nakula nyingi usiku na siwezi kujizuia. Sentensi hiyo inatosha kumwonyesha daktari pa kuanzia. Ukiona unajitapisha, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda leo, usingoje wiki ijayo.

Na kwako wewe mume, mke, mama, shangazi, jirani: usihesabu vijiko vya mwenzako. Usifunge kabati kwa kufuli. Usimtanie kuhusu mwili wake mbele ya watu, hata kwa mapenzi. Mwite mle pamoja mchana na usiku. Ukimkuta jikoni saa nne usiku, usiulize kwa nini. Keti naye, na kesho mwulize kwa faragha kama angependa msindikizane hospitalini.

Msikilizaji, kama katika mazungumzo yote haya utachukua jambo moja, chukua hili. Kesho asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, kula. Hata kama usiku wa leo umekushinda, kula. Ufanye hivyo kesho kutwa pia, na siku ya pili yake, mpaka mwili wako uamini kwamba chakula kitakuja. Mwenye njaa hana miiko, na aliyekula kwa wakati hahitaji miiko mingi.